Fundi wa Koti la Marselino

Mwaka ule wa hamsini na sita, mwanamume wa Ifakara aliyetaka koti la harusi alikuwa na mafundi cherehani wawili wa kuwafikiria. Kwetu hakuwa hata na hao wawili. Baba yangu, katekista Valeriani, alikuwa ameshaamua zamani kwamba kila atakayeoa binti yake atashonewa na Theodori, pale barazani kwenye maduka, na Baba akishaamua jambo ni kazi kumtoa hapo.

Theodori hakujua kuandika, wala hakuona haya kulisema hilo. Alipima kwa utepe, akaita kipimo kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulio ng'ambo ya mto. Mkewe, Rosa, alikaa upande wa pili wa njia na pasi yake ya mkaa, ili cheche zisirukie vitambaa vya watu. Akisikia kipimo alijibu, "Kimekaa," na kweli kilikaa kichwani mwake mpaka nguo ikaisha. Sijasikia Rosa amekosea hata siku moja. Tatizo ni kwamba kilichomfikia Rosa kiliwafikia pia wauza samaki, na waliokuja kununua chumvi, na masista waliokuwa wakipita zao. Tumbo la karani wa pamba lilipoongezeka kati ya Krismasi na Pasaka, tulilisikia sote likiitwa, na tukapata la kuzungumza wiki nzima.

Wanaume wenyewe walipenda, msidanganyike. Walibana pumzi ili kifua kiitwe kikubwa, na Theodori, aliyewajua, alijifanya anatafuta chaki mpaka pumzi iwaishie ndipo akapima. Baba naye alikuwa na benchi lake hapo. Siku mkwe wake anapimwa alikaa, akasikiliza kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na mwisho akasimama, akasema, "Nimesikia." Kwa Baba harusi ilianzia hapo. Alisema mwanamume anayetoa neno lake kanisani mbele ya watu hana sababu ya kuogopa kutoa na mwili wake mbele ya watu.

Dada yangu Apolonia aliolewa hivyo na Dionisi. Huyu Dionisi aliona picha ya bwana mmoja kwenye kalenda ya dukani, akang'ang'ania suti ya sufu, yenye bitana na kizibao ndani. Theodori alimwambia atakufa. Hakusikia. Ikawa Oktoba, na Oktoba ya bonde letu mnaijua, hata mbwa halali juani. Padre alipofika kwenye Injili, Dionisi alikuwa amebadilika rangi, na alipoulizwa kama anamtaka Apolonia alikuwa ameshikiliwa na wajomba wawili, huku na huku. Mpaka leo Apolonia humwambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyesema "ndiyo" kwa niaba ya wote wawili.

Kwa hiyo mimi, Stefania, zamu yangu ilipofika, nilikuwa na sababu nzuri ya kutaka mume wangu ashonewe nguo nyepesi. Lakini sababu hiyo ilikuwa ya kuwaambia watu. Nilikuwa na nyingine ambayo sikuweza kumwambia mtu yeyote.

Marselino alitoka Masagati, kule mbali nyuma ya Mlimba, akaja kufanya kazi kwenye kinu cha mpunga. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa na macho ya kucheka. Na alikuwa na koti la kaki ambalo hakulivua asubuhi wala mchana. Watu walimwita "yule wa koti." Wakimuuliza kama hasikii joto, alisema amezoea baridi ya kwao, jibu ambalo halina kichwa wala miguu, lakini alilisema kwa adabu na watu wakamwacha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viwiko.

Siku moja nilipeleka mpunga kinuni, naye akaninyanyulia gunia. Mshono wa kwapa ulikuwa umeachia, na kitambaa kilichokunjwakunjwa kikadondoka kutoka ndani ya koti, kikaanguka karibu na miguu yangu. Papo hapo bega lake la kushoto likashuka. Lilishuka sana, kama paa lililoondolewa nguzo moja. Nikageuka upesi kutazama mizani, nikaitazama kwa bidii zote kana kwamba sijawahi kuona mizani maishani. Nilipogeuka tena, kitambaa hakikuwapo na mabega yalikuwa sawa. Hakujua kwamba nimeona, na mimi sikusema. Nilikuwa nimeshampenda, na nilimwonea huruma kwa ajili ya lile joto kuliko kwa ajili ya bega.

Alipokuja kuposa, Baba alimpenda. Harusi ikapangwa mwisho wa Oktoba, mpunga ukiwa umeshauzwa na mvua hazijafunga njia. Baba akasema Jumamosi wataonana kwa Theodori. Jumamosi hiyo Marselino alikuwa na homa. Jumamosi iliyofuata kinu kilikuwa na kazi nyingi. Baadaye akawa na shangazi mgonjwa Idete, nami nilijua hana ndugu yeyote Idete. Baba si mtu wa kuchezewa hivyo. Alisema asiyetaka kupimwa hataki kuoa. Alisema matangazo ya ndoa yataanza kusomwa kanisani, na kama kabla ya tangazo la tatu hajaona koti, atakwenda kwa Padre yeye mwenyewe kuyasimamisha.

Nilijua Marselino anakimbia nini. Kila nikifumba macho nilimsikia Theodori akiita, "Bega la kushoto!" na soko zima likigeuza shingo. Nikaona kwamba mtu wa kuokoa harusi hii ni mimi.

Fundi wa pili alikuwa Fransisko, wa misheni. Yeye alishona mavazi ya misa na kanzu za mapadre, na kwa sababu mapadre hawana subira ya kusimama wapimwe, alikuwa amezoea kutompima mtu kabisa. Alikuambia umletee shati lako kuukuu. Basi. Alilitandaza mezani, akaligeuza ndani nje, akalipapasa, na hapo alikata kitambaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na nguo zake hazikuwa na mbwembwe, ndiyo maana vijana hawakumkimbilia. Lakini makoti yake ya drili, kile kitambaa cheupe cha pamba, hayakuwa na bitana, na kwapani aliacha nafasi ya upepo. Waliowahi kuyavaa walisema mchana unafika umesahau kwamba una koti. Kwa joto letu sijui kama fundi anaweza kusifiwa zaidi ya hapo.

Nilimwendea Baba na hoja ya joto. Nikamkumbusha Dionisi na wajomba wawili. Baba alinung'unika, akasema koti lisiloitwa barazani ni koti la kificho, lakini angesema nini dhidi ya mtu anayemshonea Padre mavazi ya misa? Mwishowe alikubali kwa sharti. Kwa kuwa hatasikia vipimo, ataliona koti limevaliwa nyumbani kwetu, mbele ya mashangazi, baada ya tangazo la pili. Nikakubali haraka, nikijiona mjanja.

Marselino nilipomwambia kuna fundi asiyempima mtu, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kesho yake akanipa shati lake la kazini. Sasa shati lile, jamani. Lilikuwa na vumbi la pumba mpaka kwenye vifungo, kola nyeusi, na jasho limechora ramani mgongoni. Mimi nimelelewa na masista. Walitufundisha kufua, kutia wanga na kupiga pasi kabla hawajatufundisha kusoma. Ningebebaje shati la namna ile la mchumba wangu mpaka nyumbani kwa mtu, mkewe alitazame, aseme huyu ndiye mke anayeolewa? Nililiroweka, nikalisugua, nikalitia wanga wa muhogo. Wakati wa kupiga pasi nikaona mshono wa bega la kushoto umevutika na kuteremka, ukaacha kitambaa kimejikunja vibaya. Nikaufumua, nikaushona upya, umenyooka. Kola nayo nikaigeuza, maana ilikuwa imelika upande mmoja. Nilipomaliza, shati lilisimama lenyewe. Fransisko hakuwapo, nikamkabidhi mkewe, akalipokea kwa mikono miwili na kusifu pasi yangu. Nilirudi nyumbani naimba.

Koti lilipokuwa tayari Fransisko mwenyewe alinipa, limefungwa ndani ya kitambaa safi. Aliniuliza jambo moja tu, kama lile shati lilikuwa jipya. Nikasema si jipya, ila nililifua na kulirekebisha kidogo. Akajikuna kidevu, akasema, "Haya." Hiyo "haya" yake ningeisikiliza vizuri, mengi yangeepukika. Lakini nilikuwa nashika koti lile jeupe, jepesi hata unasahau umebeba kitu, na furaha ilikuwa imenizidi.

Jumapili ya tangazo la pili, baada ya misa, Marselino akaja nyumbani. Mashangazi walikuwa wamejaa sebuleni, wakiongozwa na shangazi Balbina, ambaye hajawahi kukosa jambo la familia hata akiwa na homa. Marselino akaingia chumbani, akatoka amelivaa. Nilishika mlango. Alikuwa mzuri mpaka nikaogopa. Mashangazi wakapiga vigelegele, Baba akamzunguka taratibu, akigusa mshono mmoja, akigusa mwingine, na uso wake ulianza kulegea.

Ndipo shangazi Balbina akamletea kikombe cha togwa. Na kijana mwenye adabu hupokea kwa mikono miwili. Koti la kaki lilikuwa na mfuko wa siri alioushona mwenyewe kwa sindano, wa kushikilia kile kitambaa. Koti la Fransisko halikuwa na kitu ndani, lilikuwa na upepo tu. Aliponyoosha mikono, kitambaa kikateleza kwenye jasho la mgongo, kikapita chini ya pindo, kikaanguka sakafuni. Bega likashuka. Upande wa kushoto wa lile koti zuri ukaning'inia, na mkono wa koti ukafunika vidole. Nami nikaelewa ile "haya" ya Fransisko ilikuwa na maana gani, na kwamba sindano na pasi yangu vilikuwa vimefuta alama ya bega lake kwenye shati.

Shangazi Balbina hakuelewa kitu. Aliinama, akaokota, akakikung'uta, akampa. "Leso yako, baba," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ningeona nafuu wangecheka. Baba akauliza ile ni nini, na Marselino, akiwa bado ameshika kikombe, akaeleza. Alipokuwa kijana kule Masagati walikuwa wakikata miti ya kufungua shamba, mti mmoja ukageuka upande usiotarajiwa, ukamwangukia. Mfupa ulivunjika na ukaunga vibaya. Nguvu anazo, kazi anafanya, ila ndivyo alivyo. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Na bega sina neno," Baba akasema. "Nina neno na kitambaa."

Marselino akaweka kikombe mezani. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akamuaga kila mtu kwa heshima na kutoka. Nilimwona akipita uani juani, ameshika kile kitambaa mkononi, na hakukirudisha ndani ya shati.

Mashangazi walipoondoka Baba aliniuliza kama nilikuwa najua. Singeweza kumdanganya Baba, macho yake yalikuwa yameshaniingia. Nikasema nilijua. Akakaa chini. Sikuwahi kumwona Baba amekaa namna ile, kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali na kukuta nyumba imefungwa. Alisema yeye kazi yake ni kusimama mbele ya watu na kuwaambia wasiseme uongo. Angesimamaje kanisani wakati ndani ya nyumba yake watu wawili wamemfunika macho? Jumapili ijayo ni tangazo la tatu, naye atamwona Padre kabla ya hapo. Nililia, nikabishana, nikalia tena. Hakupandisha sauti, na mtu asipopandisha sauti unajua amemaliza.

Asubuhi nilikwenda kinuni, nimelibeba lile koti jeupe. Marselino alikuwa nyuma ya ghala amekaa juu ya magunia matupu, bila koti la kaki, na nilipomwona hivyo kwa mara ya kwanza, waziwazi, sikuona kitu cha kutisha. Niliona mtu ambaye bega moja liko juu na jingine liko chini. Akaniambia anatafuta lori la kumrudisha Mlimba. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema mbele ya Baba, kwamba kwao aliwahi kuposa, na mama wa binti alipomtazama akasema binti yake haolewi na mwanaume wa bega moja. Walimrudishia jembe la posa mbele ya majirani. Tangu siku hiyo akaapa kwamba hakuna mtu atakayemwona tena.

Basi hasira zikanipanda. Mimi nina hasira, sikatai, nimerithi kwa mtu ambaye ameshatajwa hapa.

"Mimi nilikiona hicho kitambaa tangu siku ya gunia," nikamwambia. "Wewe ukaficha bega, mimi nikaficha macho. Baba ametukasirikia sote na ana haki. Lakini usinifananishe na watu wa Masagati."

Akauliza kwa nini sikusema. Nikasema nilimpenda, na nilidhani kumpenda mtu ni kumsaidia kujificha. Nilipolisema hivyo, wazi, nilisikia aibu, kwa sababu niliona ni upumbavu. Akauliza mashangazi walisema nini alipotoka. Nikamwambia ukweli, kwamba shangazi Balbina aliuliza nani atakunywa ile togwa iliyobaki. Mabega yake yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Nami nikacheka, pale nyuma ya ghala, na machozi yakiwa bado usoni.

"Fundi wa kwanza nilikuchagulia mimi, nikaharibu," nikasema. "Sasa chagua mwenyewe. Ukichagua lori, lori linapita sokoni, nitaliona."

Nikaliacha koti jeupe juu ya magunia, nikaondoka bila kugeuka nyuma. Njia nzima nilijuta kwamba sikugeuka.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumamosi nilikwenda sokoni, eti kununua samaki, nikasimama karibu na muuza kambale mpaka akaniuliza kama nimekuja kununua au kuwalinda. Baba alikuwa kwenye benchi lake kwa Theodori, maana Jumamosi hukaa hapo, akiwa na hasira au hana. Hawakuzungumza. Theodori alikuwa ametununia tangu drili yetu ipelekwe misheni, na Baba hakuwa na moyo wa kumbembeleza mtu.

Marselino akatokea upande wa kinu. Watu wengine hawakumtambua, walikuwa wamezoea kulijua lile koti. Alivaa shati tupu. Bega la kushoto lilikuwa chini, kama lilivyo, na kwenye mkono wa kulia alibeba lile koti jeupe. Alitembea pole pole, katikati ya njia, mahali pa kila mtu. Nikashika meza ya samaki.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Baba.

"Marahaba," Baba akaitikia, akitazama njia.

Theodori akalichukua koti bila kuombwa, akaligeuza ndani nje, akasema kwa sauti kubwa kwamba hii ni kazi ya kanisani, haina hata bitana. Lakini niliona kidole chake kikipita juu ya mshono wa kwapa, kikarudi, kikapita tena. Marselino akavua shati, akabaki na fulana.

"Fundi, nipime," akasema. "Uite kama unavyowaitia wengine."

Theodori akamtazama, akatazama bega, akavuta utepe shingoni mwake. Akaanza. Akaita shingo, na Rosa kutoka ng'ambo ya njia akajibu, "Kimekaa." Akaita kifua, nacho kilikuwa kifua cha maana, mtu mmoja akapiga mluzi. "Kimekaa." Akaita mgongo. Halafu akasogea upande, akaita bega la kulia. Nilianza kuomba. Nilimwomba Mungu Theodori ashushe sauti, mara moja tu katika maisha yake, aseme taratibu, au amfuate Rosa ng'ambo amnong'oneze.

Hakushusha.

"Bega la kushoto!" akaita, kwa sauti ile ile aliyoitia tumbo la karani wa pamba. "Inchi mbili na nusu chini ya la kulia!"

"Kimekaa," akasema Rosa, akapuliza mkaa wa pasi yake.

Muuza kambale aliinua macho, akatazama, akarudi kufukuza nzi. Mama mmoja aliyekuwa anachagua chumvi aliendelea kuchagua chumvi. Theodori alikuwa ameshafika kwenye mkono, anaita urefu wa mkono, halafu kiuno, halafu paja. Lile jambo ambalo Marselino alilibeba kwa miaka katika joto lote lile, ambalo mimi nilikosa usingizi kwa ajili yake, lilikuwa limepita hewani na likaisha, na ndani ya soko zima hakuna aliyepungukiwa na kitu. Nikaanza kulia pale pale mbele ya samaki, wala sikujali.

Theodori alipoita kifundo cha mguu, akazungusha utepe na kuutundika shingoni. Ikabaki sehemu ya Baba. Marselino alisimama akisubiri, hakuvaa shati. Baba alikuwa anatazama mikono yake. Alikaa hivyo mpaka Rosa akaacha kupiga pasi, na mpaka Theodori, ambaye hakuwahi kunyamaza, akanyamaza. Nilifikiri atainuka na kwenda kwa Padre. Alikuwa na uwezo huo na njia ilikuwa wazi.

Baba akasimama. Akaweka kofia yake sawa. Akamtazama Marselino usoni, halafu bega, bila kuharakisha, kama mtu anayekagua mlango wa nyumba atakayohamia.

"Nimesikia," akasema.

Marselino akainamisha kichwa. Baba alikohoa, akamgeukia Theodori, na kwa sauti ya ukali ambayo haikumdanganya mtu akamwambia asithubutu kujaza pamba hapo begani. Theodori akakasirika kweli. Aliuliza pamba ya nini, ili mtoto wa watu apikwe kanisani kama yule mwingine? Akachukua wembe na kuanza kulifumua koti la Fransisko hapo hapo, huku akilalamika kwamba mtu wa misheni ana mishono midogo mno, inaumiza macho, nani alimfundisha kushona hivi.

Tangazo la tatu lilisomwa. Koti liliposhuka kutoka kwenye pasi ya Rosa lilikuwa na mshono wa Fransisko kwapani na bega la Theodori juu, na lilimkaa Marselino mpaka huwezi kusema liliwahi kuwa na shida. Hakuna kilichofichwa. Bega lilikuwa chini na koti lilikuwa chini pamoja nalo, vimekubaliana. Siku ya harusi kanisa lilikuwa tanuri. Padre alifuta uso mara kwa mara, Dionisi aliyekuja na ile sufu yake alikuwa anahema, na mume wangu alisema "ndiyo" yake mwenyewe, kwa sauti, bila mjomba hata mmoja.

Theodori na Rosa walikuja kwenye sherehe, na nadhani Theodori alikuja kulitazama koti lake. Alikaa mahali ambapo angeliona vizuri. Hata wali ulikuwa haujapakuliwa, ngoma zikaanza, na wachezaji ngoma wa Michenga wakaingia uwanjani wakitimua vumbi. Nilimtafuta Marselino kwa macho nikalikuta koti kwanza, limetundikwa kwenye msumari wa nguzo ya jikoni, peke yake. Mwenyewe alikuwa katikati ya uwanja na shati lililolowa jasho, anacheza, bega moja juu na jingine chini, na shangazi Balbina yuko mbele yake anamfuata. Dionisi alipoona hivyo naye akavua sufu yake kwa shukrani kubwa.

Theodori alisimama, ameudhika, akauliza ni mtu gani anayehangaishiwa koti miezi mitatu halafu halivai hata mpaka chakula. Akamfuata mpaka uwanjani kumuuliza. Marselino alifuta uso kwa kiganja, akamtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Joto, fundi," akasema, akaendelea kucheza.